Barua ya wazi kuhusu kamera za mialo ya Kigoma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Ndugu Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zenye mialo kando ya Ziwa Tanganyika,
Ndugu wajumbe wa bodi za zabuni.

YAH: OMBI LA KUBADILI VIGEZO VYA KAMERA ZINAZONUNULIWA KWA AJILI YA MIALO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa sola na kamera, mkazi wa Ujiji, na ninaandika kuhusu kamera zinazofungwa kwenye mialo, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi huondokea na kurejea. Kazi yangu ni kupanda nguzo, kufunga paneli, kuvuta nyaya na kupima kinachoingia na kinachotoka kwenye betri, na ni kupima huko kulikonifanya niwaandikie hadharani badala ya kuendelea kunung'unika kijiweni na mafundi wenzangu. Ombi langu ni moja. Kila mara halmashauri inapoandaa nyaraka za zabuni za kamera za mialoni, ianze kuuliza kamera hiyo hutumia umeme kiasi gani kufikia uamuzi mmoja, mfano kwamba kilichopita ni mtumbwi, isiridhike na idadi ya megapikseli; na uamuzi huo ufanyike ndani ya kamera yenyewe, ikiwezekana ndani ya kihisi chake cha picha, pasipo kusafirisha kila picha hadi kwenye seva iliyo mbali.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Katika mwalo mmoja kaskazini mwa mji, mradi ambao sitautaja ulifunga kamera 3, nami nilikuwa miongoni mwa vibarua waliozifunga. Kila kamera ilipewa paneli ya wati 100, betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 50, na ruta ya laini ya simu. Lengo lilikuwa jema: kuhesabu mitumbwi inayotoka jioni kwenda kuvua dagaa na ile inayorejea alfajiri, ili hesabu ikipungua watu wa mwalo wajue mapema kwamba kuna wenzao hawajarudi. Anayeishi kando ya ziwa hili hahitaji kuelezwa uzito wa asubuhi ambayo mtumbwi mmoja haujaonekana na usiku wake upepo ulivuma.

Kiangazi mambo yalikwenda. Mvua zilipoanza, kamera zikaanza kuzimika, na nikatumwa kutafuta ubovu. Ubovu haukuwapo. Nilipima nikakuta kamera na ruta yake kwa pamoja vinakula wastani wa wati 9, yaani wati-saa 216 kwa siku, ilhali siku ya mawingu mazito paneli ile haikuniletea zaidi ya wati-saa 140. Betri ya aina ile haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo akiba yake halisi ni wati-saa 300. Mwenye daftari na kalamu anauona mwisho wake bila kupanda nguzo: upungufu wa wati-saa 76 kila siku humaliza akiba siku ya nne. Kamera zilikufa katika miezi ileile ya radi na dhoruba za ghafla, miezi ambayo ndiyo zilikuwa zimenunuliwa kwa ajili yake.

Bando nalo lilikuwa na kisa chake. Kamera iliyorusha video kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, usiku na mchana, hutumia takriban gigabaiti 21.6 kwa siku, na zilikuwa kamera 3. Sehemu kubwa ya video hiyo ilikuwa maji matupu. Hebu tukumbuke mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti: kamera moja ya namna ile, iliyoachwa ikitazama mwalo uliolala kwa siku hizo 92, ingerusha karibu terabaiti 2 ili kutujulisha kwamba hakuna aliyekwenda kuvua, habari ambayo ingetosha katika ujumbe mmoja wa simu.

Pengine mtauliza kwa nini chombo kinachotazama tu kitumie umeme mwingi hivyo. Kutazama kwenyewe ni rahisi. Gharama iko katika safari. Kihisi cha kamera ni kipande kidogo cha silikoni chenye mamilioni ya nukta ziitwazo pikseli, na kila pikseli hugeuza mwanga kuwa chaji ya umeme, chaji ikawa volti, volti ikawa namba. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Zikipigwa picha 30 kwa sekunde, na kila pikseli ikaandikwa kwa biti 10, kihisi humwaga zaidi ya megabiti 620 kila sekunde. Namba hizo zote hutolewa nje ya kihisi, hupitishwa kwenye waya hadi kwa prosesa, huwekwa kwenye kumbukumbu, hutolewa tena ili zibanwe, hurushwa hewani na ruta, na mwisho wa safari kompyuta nyingine huzikunjua upya ili ijibu swali dogo kabisa: je, huu ni mtumbwi?

Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa hesabu ambayo wahandisi wa chipu huirejea hadi leo. Katika chipu za nanomita 45, kujumlisha namba mbili za biti 32 hutumia takriban pikojouli 0.1 (pikojouli ni sehemu moja ya trilioni ya jouli, kipimo cha nishati), ilhali kuzichota biti 32 kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hutumia takriban pikojouli 640. Ni tofauti ya mara 6,400. Ni sawa na mtu wa Ujiji anayepika mboga, naye kila akihitaji punje ya chumvi anapanda gari hadi Uvinza kuifuata, anarudi, anaonja, kisha anaanza safari ya punje ya pili. Hakuna mpishi wa namna hiyo, lakini kamera za namna hiyo tumezinunua.

Jicho la binadamu lilikwisha kulitatua jambo hili. Retina ina vipokezi vya mwanga zaidi ya milioni 100, lakini neva inayopeleka habari kwenye ubongo ina nyuzi takriban milioni 1 tu, kwa sababu kazi kubwa ya kuchuja na kulinganisha hufanyika palepale nyuma ya jicho. Tangu mwaka 1991 Misha Mahowald na Carver Mead, watafiti wa California, walieleza retina ya silikoni iliyoiga utaratibu huo, na baadaye Chuo Kikuu cha Manchester kikaunda kihisi kiitwacho SCAMP-5 ambacho kila moja ya pikseli zake, 256 kwa 256, ina prosesa yake ndogo. Machi 2020 watafiti wa Vienna walikwenda mbali zaidi: walitengeneza kihisi chenye vipokea-mwanga 27 ambavyo wepesi wa kuitikia mwanga wa kila kimoja ndio uzito wa mtandao wa neva bandia (programu inayojifunza kutambua vitu kwa mifano; uzito ni namba zinazoongoza uamuzi wake), hata mwanga ukigusa kihisi hesabu inakuwa imekwisha kufanyika. Kiliweza kutofautisha herufi chache kwa kasi ya picha milioni 20 kwa sekunde. Hicho ni chombo cha maabara, na mfanyabiashara akija kuwauzia kitu cha namna hiyo leo, mfungieni mlango.

Kinachouzwa madukani ni cha aina nyingine, nacho kinatosha. Mei 2020 kampuni ya Sony ilitangaza kihisi cha IMX500 chenye pikseli milioni 12.3, kilichojengwa kwa tabaka mbili zilizobandikwa moja juu ya nyingine: ya juu hupokea mwanga, ya chini ina prosesa na kumbukumbu ya kuendeshea mtandao wa neva. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mtandao uitwao MobileNet V1 hukamilisha picha moja ndani ya milisekunde 3.1 humo humo. Kinachotoka kwenye kihisi hicho kinaweza kuwa picha, kinaweza kuwa kipande cha picha, na kinaweza kuwa maneno na namba peke yake: mtumbwi, saa 11 na dakika 40 alfajiri, unaingia. Septemba 2024 kamera ndogo yenye kihisi hicho, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ndogo ziitwazo Raspberry Pi, ilianza kuuzwa kwa dola 70 za Marekani. Kwa hiyo sizungumzii mambo ya anasa.

Hapa ndipo penye mtego, na ninaomba wajumbe wa bodi za zabuni wapasome mara mbili. Muuzaji anaweza kuleta kamera yenye kihisi chenye akili unde, akaonyesha karatasi ya kiwandani inayosema kihisi kinakula umeme kidogo, na akawa anasema kweli, kisha akakifunga kwenye kompyuta ndogo inayokula wati 2 au 3 hata ikiwa haina kazi yoyote, na pembeni akaweka ruta inayokesha ikitafuta mtandao. Umeme uliookolewa ndani ya kihisi unavujia kwenye sanduku. Nimefungua masanduku ya namna hiyo. Kipimo cha maana ni cha sanduku zima kwa saa 24, likiwa limefungwa kama litakavyofungwa mwaloni, na kompyuta ya pembeni iwe inalala mpaka kihisi kiiamshe, na redio ya kurushia ujumbe iwashwe pale tu panapokuwa na neno la kutuma.

Ninapendekeza wastani usiozidi wati 1. Kwa kiwango hicho sanduku hutumia wati-saa 24 kwa siku, na betri ileile iliyokufa siku ya nne ingelilisha kwa siku 12 pasipo jua hata kidogo, wakati kwa wati 9 haifikishi hata siku moja na nusu. Ni kigezo kigumu lakini si cha ndoto, kwa sababu mtumbwi wa makasia au wa injini ndogo hauhitaji kutazamwa mara 30 kwa sekunde; ukitazamwa mara moja kila sekunde 2 haupiti bila kuonekana. Zipo pia siku za mwezi mpevu, ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazivuti samaki ipasavyo, na kamera inayojua kalenda ya mwezi inaweza kupumzika pamoja nao.

Sitawaficha udhaifu wa njia hii. Kumbukumbu iliyomo ndani ya kihisi ni ndogo. Ile ya IMX500 ni takriban megabaiti 8 kwa mtandao na kazi zake. MobileNet V1 ina namba za uzito takriban milioni 4.2, ambazo zikiandikwa kwa biti 32 zinahitaji karibu megabaiti 17 na hazienei, lakini zikipunguzwa hadi biti 8 zinatosha. Kupunguza huko kuna faida ya pili, kwani katika hesabu zilezile za Horowitz kuzidisha namba za biti 8 hutumia takriban pikojouli 0.2, ilhali kuzidisha namba zenye desimali za biti 32 hutumia 3.7. Hasara yake ni kwamba usahihi hushuka kidogo, na mtandao mdogo hukosea kwanza kwenye vitu ambavyo haukufundishwa vizuri. Vitu hivyo, kwa bahati mbaya, ni vyetu.

Mitandao mingi inayokuja na kamera hizi imefundishwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, uliotolewa mwaka 2014, wenye aina 80 za vitu. Yumo tembo, yumo twiga, yumo pundamilia. Boti imo, ila mtumbwi wetu wa mbao, uliojaa nyavu hadi ubao wa juu unakaribia maji, ukitazamwa alfajiri kwenye mwanga hafifu haufanani sana na boti za kwenye picha hizo. Katika majaribio yangu mwenyewe gogo lililokuwa likielea lilihesabiwa mara 2 kuwa boti, na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, ile ya kuvulia kwa wavu wa kuinua, ilihesabiwa leo kuwa mmoja na kesho kuwa miwili. Kwa kazi ya kujua nani hajarudi, kosa la mtumbwi mmoja ndilo kosa lenyewe. Mvuvi aliyenisimamia siku ile aliniuliza kama gogo nalo litadaiwa ushuru, na sikuwa na la kumjibu.

Dawa yake iko hapa hapa Kigoma. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo mjini. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ana wanafunzi wanaojua vyombo vya ziwa hili kwa majina. Chuo cha VETA kina vijana wanaoweza kufungua sanduku na kulifunga. Picha elfu chache za mitumbwi yetu, zilizopigwa jioni na alfajiri, kwenye ukungu, kwenye mvua, taa zikiwaka na zikiwa zimezimwa, kisha zikawekewa alama na watu wanaozijua, zitaufundisha mtandao mdogo vizuri zaidi kuliko ambavyo fedha yoyote ya kununulia megapikseli ingefanya. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa mkataba unampa mnunuzi haki ya kubadilisha mtandao uliomo ndani ya kamera. Kamera iliyofungwa kwa nywila ya muuzaji ni mali ya muuzaji, hata kama ina kibandiko cha halmashauri.

Wapo watakaosema kwamba ni bora kurekodi kila kitu na kuchuja baadaye. Jibu tunalo nchini. Mradi wa kamera za kutega (zinazojipiga picha zenyewe kitu kikipita) wa Serengeti, ulioanza mwaka 2010 ukiwa na kamera 225, ulizaa picha milioni 3.2, na takriban robo tatu yake hazikuwa na mnyama hata mmoja, kwa kuwa nyasi zilizopata joto na kuyumba zilitosha kuamsha kamera. Watu wa kujitolea duniani kote walitumia muda mwingi kutazama nyasi. Wenzetu wa Gombe na Mahale wanaoweka kamera msituni wanaweza kufaidika na kihisi kinachojua kutofautisha sokwe na jani kabla ya kuandika chochote kwenye kadi, ingawa nao watalazimika kukifundisha wenyewe, maana katika zile aina 80 sokwe hayumo.

Kuna suala la watu pia. Mwaloni si ziwa tupu. Kuna akina mama wanaoanika dagaa kwenye vichanja, watoto, wachuuzi, na wageni wa kutoka Burundi na Kongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Kamera inayotoa hesabu peke yake, picha ikafutika ndani ya kihisi bila kuandikwa mahali popote, inaitii sheria hiyo kwa umbile lake. Hata hivyo, kwa vile kihisi hicho hicho kinaweza kuamriwa kutoa picha, haitoshi kumwamini muuzaji kwa mdomo: nyaraka zitamke kwamba utoaji wa picha umezimwa, nani ana mamlaka ya kuuwasha, na kwamba kila ukiwashwa kuna kumbukumbu inayoandikwa.

Siombi kila kamera ya mkoa iwe hivi. Bandarini, hospitalini na kwenye ofisi zenye umeme wa gridi na nyaya za intaneti, kamera ya kawaida inafaa na fundi wa kuitengeneza anapatikana jioni ileile. Mkoa huu umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya nguzo za gridi kuanza kuufikia, na watumishi wake wanajua kuhesabu lita. Ninaomba hesabu ileile ifanyike kwa wati-saa pale nguzo zisipofika.

Kwa hiyo, katika zabuni ijayo, naomba maneno haya yaingie kwa namna wanasheria wenu watakavyoona inafaa: kwamba mzabuni ataje wastani wa nguvu ya sanduku zima kwa saa 24 na nishati ya uamuzi mmoja kwa jouli; kwamba vipimo hivyo virudiwe mbele ya bodi, kwa mita ya bodi, kabla ya malipo; kwamba usahihi upimwe kwa mitumbwi ya mwalo husika, jioni na alfajiri, kwa siku zisizopungua 14, huku mtu akihesabu kwa macho pembeni; kwamba mnunuzi apewe haki na zana za kubadilisha mtandao wa neva; na kwamba jaribio lifanyike kati ya Novemba na Aprili. Hilo la mwisho msiliache. Mzabuni yeyote atapenda kuonyesha kamera yake mwezi Julai.

Mita yangu ya wati ni ya bei nafuu lakini nimeilinganisha na za wenzangu na haidanganyi. Nipo tayari kuileta mbele ya bodi yoyote ya zabuni ya mkoa huu siku nitakayoitwa, bila posho, pamoja na daftari la vipimo vya zile kamera 3. Nguzo zake bado zimesimama mwaloni. Moja imefungwa kamba ya kuanikia nyavu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa sola na kamera,
Ujiji, Kigoma.